Mafua ya ndege: maswali tunayoulizwa kila kuku wanapokufa

Kuanzia mwezi wa sita, upepo wa Dodoma unapoanza kuinua vumbi, simu yangu hujaa picha za kuku waliokufa. Picha karibu zote zinafanana: kuku watano au sita wamepangwa mstari mbele ya banda, miguu juu, na chini yake ujumbe, "Daktari, hiki ni kideri au ndo ile ya ndege?" Kideri ni ule ugonjwa wa virusi wa kuku unaoitwa pia Newcastle. Mimi si daktari, ni mtu wa mifugo ngazi ya kata. Ila huku kwetu yeyote anayetembea na bomba la sindano ni daktari, na nimeacha kubishana. Hapa nimeyakusanya maswali ninayoulizwa barazani, mnadani na kwenye simu usiku, pamoja na majibu ninayoyatoa.

Mafua ya ndege si ndiyo haya mafua ya kuku tunayoyajua?

Hapana, na jina ndilo linalotuponza. "Mafua ya kuku" ya siku zote ni ugonjwa wa bakteria. Kuku anavimba uso, macho yanajifunga, kamasi linanuka vibaya, na dawa ya antibayotiki ukiiwahi inamsaidia. Ugonjwa huo hauhamii kwa mtu. Mafua ya ndege ni kitu kingine kabisa: ni virusi vya influenza aina A, ndugu wa vile vinavyotupa homa ya mafua sisi wenyewe, na makao yao ya asili ni bata wa porini na ndege wengine wa majini. Mama akiniambia "kuku wangu wana mafua", swali langu la kwanza huwa ni wangapi wamekufa na kwa siku ngapi.

Wala si ugonjwa mpya wa kutengenezwa, kama nilivyoambiwa kwa kujiamini kabisa na kijana mmoja pale mnada wa Msalato. Mwitaliano Edoardo Perroncito aliuandika mwaka 1878 kama tauni ya kuku. Mwaka 1955 ndipo ikathibitishwa kwamba chanzo chake ni virusi vya influenza.

H5N1 maana yake nini?

Ni alama za protini mbili zilizo juu ya ganda la kirusi. H ndiyo inayoshika chembe ya mwili ili kirusi kiingie, N ndiyo inayokisaidia kutoka kikishazaliana. Kwa ndege zinajulikana H za namba 1 hadi 16 na N za namba 1 hadi 9. Zinazotisha kwa kuku ni H5 na H7. Zinaweza kuingia bandani zikiwa pole, zikabadilika zikiwa humo humo kwenye kuku, na kuwa kali za kumaliza banda zima ndani ya siku mbili.

Nitatofautishaje na kideri?

Kwa macho, huwezi. Hata mimi siwezi, na mtaalamu atakayekuambia ameuona kwenye picha ya WhatsApp akajua anakudanganya. Kuku wa kideri na wa mafua ya ndege wote wanaweza kuzubaa, kuhara kijani, kuhema kwa shida, kupinda shingo na kufa. Jibu linatoka maabara. Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, ana kituo hapa Dodoma, na sampuli ni pamba ya kijiti iliyopitishwa kooni na kwenye njia ya haja ya kuku. Inachukua dakika moja kwa kuku mmoja, na kuku analalamika kuliko anavyoumia.

Ila kuna mambo yanayonifanya niinuke kitandani usiku huohuo. La kwanza ni vifo vya ghafla: jana jioni walikula, leo alfajiri wako chini kumi na tano, na wengine hawakuonyesha dalili yoyote. Upanga na ndevu vimekuwa vya zambarau, kichwa kimevimba, na kwenye ngozi ya miguu kuna madoa ya damu. Jambo la pili ni kuku waliochanjwa kideri kwa wakati kufa kama ambao hawakuchanjwa. La tatu, ambalo watu hulipuuza, ni bata. Kideri mara nyingi kinamwacha bata akitembea zake katikati ya mizoga. Ukiona bata, kanga na kuku wanakufa pamoja, au umekuta ndege wa porini wamekufa kando ya bwawa wiki hiyohiyo, usingoje kesho. Lakini bata mzima si ushahidi wa usalama, maana bata anaweza kubeba virusi hivi na kuvitapanya kwa kinyesi bila kuugua.

Kalenda nayo husaidia kidogo. Kideri chetu hupenda kiangazi. Ndege wahamaji kutoka Ulaya na Asia hutufikia kuanzia Oktoba na hukaa hadi Aprili, wakati mbuga ya Bahi imejaa maji. Vifo vingi vya ghafla mwezi wa pili karibu na maji vinanitia wasiwasi kuliko vifo vya Agosti kwenye kijiji kikavu.

Vinatoka vipi kwa ndege hadi kwa mtu?

Acha nieleze kitu kinachofanyika katika nyumba nyingi, yangu ya utotoni ikiwemo. Kuku mmoja anaanza kuzubaa saa kumi jioni. Bibi anamwangalia, anasema "huyu hafiki kesho", na kisu kinatafutwa. Anachinjwa mlangoni. Maji ya moto yanamwagwa kwenye beseni, kuku anazamishwa, na manyoya yanachomolewa huku mvuke ukipanda moja kwa moja usoni kwa anayenyonyoa. Kisha anapasuliwa, utumbo unatolewa kwa vidole, firigisi inageuzwa na kuoshwa, na watoto wanapewa miguu waichezee kwa kuvuta kano vidole vikunje. Mikono inapanguswa kwenye kanga. Ndipo mtu anajikuna jicho.

Hapo ndipo virusi vinapopata nafasi. Vimo katika kamasi, mate, damu na kinyesi cha ndege mgonjwa, na vinaingia kwa mtu kupitia macho, pua na mdomo, ama kwa mkono mchafu ama kwa kuvuta vumbi na matone. Nchini Misri, ambako wagonjwa wa H5N1 barani Afrika wamekuwa wengi kuliko kwingine kote, walioguswa sana walikuwa wanawake na watoto wa nyumba zinazofuga na kuchinja nyumbani. Na katika tembe zetu za Kigogo, ambamo kuku hulala ndani pamoja na watu kwa kuogopa kicheche na wezi, mtu anavuta hewa ya kuku usiku kucha.

Sisemi watu waache kufuga ndani kesho asubuhi, maana najua kicheche. Nasema kuku anayezubaa asichinjwe. Likishikwa hilo moja tu, yale mengine nitayavumilia.

Kama ni rahisi hivyo, mbona hatuugui wote?

Kwa sababu kirusi cha ndege kimezoea mwili wa ndege. H yake hutafuta sukari fulani juu ya chembe ili ijishikize, na sukari inayoipenda imejaa kwenye utumbo na njia ya hewa ya ndege. Puani na kooni kwa binadamu sukari iliyoko imeunganishwa kwa namna nyingine, kwa hiyo kirusi kinateleza. Sukari ile ya "kindege" kwetu sisi inapatikana zaidi chini kabisa kwenye mapafu, na pia kwenye utando wa jicho.

Ukilielewa hilo, mengine yanajieleza. Ndiyo maana mtu huhitaji kupata virusi vingi, kwa ukaribu, ndipo augue. Ndiyo maana wengine huishia na macho mekundu tu: Uholanzi mwaka 2003, virusi vya H7N7 vilithibitishwa kwa watu 89, wengi wao wakiwa na macho mekundu, lakini daktari mmoja wa mifugo alifariki. Vikifika chini mapafuni, nimonia yake ni mbaya. Na kwa kuwa vimejificha huko chini, mgonjwa akikohoa havitoki kwa urahisi kumrukia mwingine.

Kwa haki niseme pia kwamba hata kideri huweza kumpa mtu macho mekundu kwa siku chache. Mchanjaji akijirushia tone la chanjo jichoni analijua hilo.

Ni watu wangapi wameshaugua? Tanzania je?

Mara ya kwanza H5N1 kujulikana kwa binadamu ilikuwa Hong Kong mwaka 1997: wagonjwa 18, sita wakafa, na mji ukachinja kuku wote, zaidi ya milioni moja, kuuzima ugonjwa. Uliibuka tena 2003. Tangu hapo Shirika la Afya Duniani limehesabu zaidi ya wagonjwa 950, na karibu nusu walifariki. Barani Afrika orodha hiyo ina Misri, Nijeria na Jibuti. Tanzania haimo.

Lakini isome hiyo "nusu" kwa uangalifu. Anayehesabiwa ni aliyefika hospitali akiwa hoi na akapimwa. Marekani walipoanza kuwapima wafanyakazi wa mashamba ya ng'ombe na kuku mwaka 2024, walipata watu wapatao 70, wengi wao na macho mekundu na homa ndogo, na kifo kimoja huko Louisiana Januari 2025. Huenda ugonjwa si muuaji wa nusu ya wote wanaouambukizwa. Hilo halimpi nafuu aliyelazwa.

Nchini China mwaka 2013 kulizuka H7N9, ambayo iliwapata watu zaidi ya 1,500. Kirusi huyo ndiye aliyenifundisha adabu, kwa sababu kuku waliombeba walikuwa wazima, wanadona na kutaga kama kawaida. Watu walijua yupo sokoni kwa kuona majirani zao wamelazwa.

Ndege wa Bahi, Hombolo na Singidani wanaweza kutuletea?

Wanaweza. Januari 2017 ndege wa majini walikutwa wamekufa kando ya Ziwa Viktoria upande wa Uganda, eneo la Lutembe karibu na Entebbe, na kipimo kikatoa H5N8. Ziwa ni lile lile tunalochangia. Senegal, Januari 2021, mwari wapatao 750 walikutwa wamekufa katika hifadhi ya Djoudj kwa H5N1.

Hata hivyo sipendi tunavyowabebesha heroe wa ziwa Singidani mzigo wote. Ndege wa porini hufikisha ugonjwa ziwani, lakini anayeutoa ziwani na kuufikisha Kibaigwa kwa siku moja ni tenga. Mchuuzi anatoka na baiskeli au bodaboda, anazunguka vijiji vitatu, anachanganya kuku wa nyumba kumi na mbili kwenye tenga moja lenye kinyesi cha wiki iliyopita, na kuku aliyezubaa ananunuliwa kwa bei ya kutupa kwa sababu mwenye nyumba anataka amtoe haraka. Kuku wa Singida wanafika Dar es Salaam kwa njia hiyo, na wale wasiouzika wanarudi nyumbani wakiwa wamekaa na kuku wa nchi nzima. Tenga likioshwa kwa sabuni na kuanikwa juani kutwa nzima, jua letu hili la Dodoma linafanya kazi bure. Virusi hivi havipendi joto, ukavu wala sabuni. Vinachopenda ni kinyesi kibichi, kivuli na maji baridi, humo hukaa siku nyingi.

Mipaka nayo ni habari nyingine. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya viliteketezwa Namanga kwa hoja ya kuzuia mafua ya ndege, na watu waligombana sana kama ilikuwa haki au ukatili. Mimi naona kifaranga kisicho na kibali kikamatwe kabla hakijavuka, si baada.

Nile kuku na mayai au niache?

Kula. Kuku mzima, aliyechinjwa akiwa na afya na kuiva mpaka kwenye mfupa, hana shida. Joto la nyuzi 70 likifika ndani ya nyama yote virusi vinakufa, na sufuria ya mchuzi unaochemka imeshapita hapo. Anayehitaji kuangaliwa ni yule wa kuchoma barabarani, mweusi nje na paja likivunjwa linatoa maji mekundu. Mrudishe motoni, na usione haya. Mayai yaive mpaka kiini kishikane. Ule utamaduni wa kugonga yai bichi na kulimeza kwa ajili ya kifua au nguvu, mimi ningeuacha.

Hatari ya kuku mgonjwa haiko mezani, iko kwenye beseni la kunyonyolea. Ndiyo maana "nitamchemsha sana" si jibu.

Nguruwe, ng'ombe na paka je?

Nguruwe kwanza, kwa kuwa mji huu unapenda kitimoto. Nguruwe anaweza kuambukizwa mafua ya ndege na pia mafua ya binadamu. Virusi viwili vikikutana ndani ya chembe moja hubadilishana vipande vya urithi, na kinachotoka kinaweza kuwa mgeni kwa kila mtu. Kwa hiyo banda la kuku juu ya banda la nguruwe, kinyesi kikidondokea chakulani, ni ujenzi wa bei nafuu ambao sipendi kuuona, na nauona sana.

Ng'ombe walitushangaza wote. Machi 2024 H5N1 ilikutwa kwenye ng'ombe wa maziwa Marekani, tena imejaa kwenye kiwele, na paka wa shambani waliokunywa maziwa mabichi wakafa. Kuyachemsha maziwa kunaua virusi. Hata bila mafua ya ndege, bruselosi, ugonjwa wa mifugo unaompata mtu kwa maziwa mabichi, peke yake inatosha kukufanya uyachemshe.

Inaweza kuwa janga kama korona?

Inaweza, na ndiyo sababu dunia nzima inahangaika na ugonjwa wa kuku. Mpaka sasa haijajifunza kutoka mtu hadi mtu kwa wepesi. Zimetokea familia chache, kama Thailand mwaka 2004, ambako mama na shangazi waliomuuguza mtoto waliambukizwa, kisha mnyororo ukakatika hapo. Lakini mafua ya 1957 na ya 1968 yalibeba vipande vya urithi kutoka kwa virusi vya ndege, na yale ya 1918, yanayokadiriwa kuua watu milioni 50, yanafanana sana na ya ndege. Ugogo yalifika watu wakiwa katikati ya Mtunya, ile njaa kubwa iliyoanza majeshi yalipobeba ng'ombe na nafaka, kwa hiyo yaliikuta miili ambayo haikuwa na nguvu ya kupigana. Wazee wanaoisimulia Mtunya hawatenganishi njaa na homa. Kwao ilikuwa mwaka mmoja mrefu.

Chanjo ipo?

Kwa kuku, baadhi ya nchi huchanja: China, Misri, na Ufaransa ilianza kuchanja bata Oktoba 2023. Kwa watu, Finland mwaka 2024 ilianza kuwapa chanjo ya H5 wanaofanya kazi karibu na ndege. Chanjo ya kawaida ya homa ya mafua haizuii H5N1.

Kwa mfugaji wa hapa, chanjo yenye faida kubwa leo ni ile ya kideri inayostahimili joto, I-2 inayotengenezwa na TVLA: tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Unashangaa kwa nini naipigia debe kwenye ukurasa wa mafua ya ndege? Kwa sababu kijiji kilichochanjwa kideri, kuku wakianza kufa kwa wingi, wote tunashtuka. Kijiji ambacho hakijachanjwa, vifo vyote vinaitwa kideri, vinaliwa, na hakuna anayepiga simu.

Nikiripoti, si mtakuja kuua kuku wangu wote?

Hili ndilo swali la kweli. Wengine wote huliuliza kwa chinichini, ila mama mmoja wa Chamwino aliniuliza huku amesimama mlangoni mwa banda, mikono kiunoni.

Kuku hawauawi kwa simu yako wala kwa sampuli. Wanauawa maabara ikithibitisha, na mara nyingi sana kinachorudi ni kideri, na unachopata ni ushauri na chanjo kwa waliobaki. Kuripoti ni takwa la Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, lakini simwambii mtu hivyo kwanza, maana sheria ukiianza mlangoni, kuku wanahama usiku. Namwambia hesabu kuku wako leo, waliokufa na walio hai, andika, na mtendaji wa kijiji asaini. Ikifika siku ya kuzungumza fidia, mwenye karatasi anasikilizwa kuliko mwenye machozi. Mama yule aliandika nyuma ya daftari la mtoto: kuku 31, bata 4. Majibu yalirudi kideri.

Mizoga nifanyeje?

Usiwape mbwa, usitupe korongoni, usitupe bwawani. Chimba shimo ambalo mbwa hafiki, ndani yake choma kwanza kama kuni zipo, kisha fukia udongo wa kutosha, kimo cha mita. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, kwa hiyo kinga ya mkono inaweza kuwa mfuko wa sukari uliokwisha. Uzike pamoja na mzoga. Funga kitambaa puani na mdomoni. Ukimaliza, nawa kwa sabuni hadi kwenye kiwiko, fua nguo, na viatu vipige kwa maji ya Jiki kabla havijaingia nyumbani. Watoto wakae mbali na zoezi lote.

Nimeshachinja na kula. Jirani ndo ananiambia leo. Nifanye nini?

Usihangaike na uliyemla, kama aliiva. Hesabu siku tangu ulipomshika. Dalili mara nyingi huja ndani ya siku mbili hadi tano, lakini jiangalie kwa wiki mbili, wewe na aliyekusaidia kunyonyoa: homa, kikohozi, koo, mwili kuuma, macho mekundu, na hasa pumzi kuwa nzito. Ikitokea, piga 199, ni bure, au nenda kituo cha afya ukiwa umejifunika mdomo. Dawa ya oseltamivir hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48, kwa hiyo usimalize siku tatu na panadol.

Ukifika watakupima malaria, maana ni homa na hapa ni Tanzania. Wakati unatobolewa kidole sema mwenyewe, bila kusubiri kuulizwa: "Nilichinja kuku mgonjwa siku ya Jumanne." Kipimo cha malaria kikisoma hasi, irudie sentensi hiyohiyo kwa anayefuata.